Mtoto wa Pikapu

Kila siku alipotoka shule, kabla hata hajavua sare, Tausi alipitia kwenye karakana ya baba yake kunusa. Ndiyo, kunusa! Wenzake wa darasa la sita walikimbilia jikoni kufunua sufuria. Yeye alisimama mlangoni mwa karakana, akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akaitaja mbao ya siku hiyo.

"Leo msonobari."

"Na jana?" aliuliza baba yake bila kuinua kichwa.

"Jana mninga."

"Haya, pua bado nzima. Kavue sare uje ufagie maranda."

Karakana ya Fundi Jabiri ilikuwa Musoma mjini, banda la mabati lililobanana na banda la Gody, fundi wa kuchomelea vyuma. Haikuwa kubwa, lakini kwa Tausi hapakuwa na mahali pa ajabu kama pale. Asubuhi ungeona mbao kavu zenye vumbi zimeegemezwa ukutani. Jioni ungekuta kitanda kimesimama kwa miguu minne bila kuyumba hata chembe. Alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi mno, na bado lilimwacha mdomo wazi.

Kitu cha ajabu kuliko vyote pale ndani kilikuwa futi ya baba yake. Usidhani ilikuwa futi ya maana. Ilikuwa futi ya chuma ya kuvuta, ganda lake la njano limechubuka, na ncha yake ilikatika zamani. Sentimita kumi za mwanzo hazikuwepo! Namba ya kwanza kuonekana ilikuwa kumi. Kwa hiyo karakana ile ilikuwa na sheria yake: anayepima huanzia kumi na kuandika namba aliyoiona, na anayekata mbao ndiye anayetoa kumi. Ukisoma mia moja kwenye daftari, kata tisini.

"Baba, si ununue nyingine tu?" Tausi aliwahi kumuuliza.

"Hii niliachiwa na mwalimu wangu, Mzee Khalidi wa Bunda, Mungu amrehemu," alijibu baba yake. "Futi mpya zimejaa madukani. Hii iko moja."

Alhamisi moja pikapu nyeupe iliyojaa tope ilisimama mbele ya karakana. Alishuka mama mmoja mnene, mchangamfu, mkono mmoja ameshika nyonga. Alikuwa Daktari Marcelina, daktari wa mifugo anayeishi Butiama.

"Shikamoo, daktari," Tausi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi Jabiri, nimekuja unisaidie, maana nimechoka kukwea nyuma ya hili gari kama mbuzi! Deli langu la chanjo, hili sanduku la barafu, lazima likae kule mbele, karibu na kebini, lisipigwe na jua. Basi kila kijiji nipande, nilikokote, nishuke. Na nyonga hii, tangu nilipoanguka na pikipiki, haitaki masihara. Mwezi uliopita nilianguka na deli lenyewe. Chupa za chanjo zote zikavunjika, na kijiji kizima wamesimama na kuku wao kwapani wananitazama."

"Chanjo ya nini, daktari?" Tausi aliuliza.

"Ya kideri. Ugonjwa huo ukiingia kijijini, baada ya siku chache mabanda ya kuku yanabaki matupu. Jumamosi ya wiki ijayo natakiwa Murangi, na kutoka hapo navuka kwa boti kwenda kisiwa cha Rukuba. Watu wananisubiri. Nisipofika na chanjo nzima, kuku wao ndio basi tena."

Fundi Jabiri alilizunguka gari. Alichungulia bodi la nyuma, akagusa yale matuta mawili yanayofunika magurudumu, akapiga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Hatimaye akasema, "Wewe unahitaji mtoto wa meza."

Daktari Marcelina akacheka. "Mtoto wa meza kwenye gari? Meza yenyewe iko wapi?"

"Basi mama yake awe gari. Mtoto wa pikapu! Juu tunaweka jukwaa la mbao, unabeba mizigo yako mingine. Chini yake analala huyo mtoto, na deli liko ndani yake. Ukimhitaji humfuati. Unamvuta, anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, wewe umesimama chini."

"Fundi wee! Deli hilo likijaa barafu, wanaume wawili hulinyanyua wakihema. Nitalivutaje?"

"Kwa kidole."

"Kidole?"

"Kidole kimoja, daktari."

Tausi alimtazama baba yake usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumamosi asubuhi Fundi Jabiri alikuwa anamalizia kitanda cha harusi, na bwana harusi alishakuja mara mbili kukichungulia. Daktari naye alikuwa amefikia kwa dada yake Buhare, pembeni ya mji, na mchana angerudi Butiama. Basi fundi alimwita binti yake, akampa daftari na penseli. Kisha akachomoa futi mfukoni, ile ile ya njano, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Nenda ukapime bodi la gari na deli la chanjo. Deli ulipime vizuri, maana kazi yote ni kwa ajili yake. Leo wewe ndiye macho yangu."

Moyo wa Tausi ulijaa. Futi ya Mzee Khalidi, mkononi mwake! Alitoka pale akitembea kama amebeba yai.

Njiani alikutana na Ghati, rafiki yake wa darasani, wakafuatana. Walipofika kwenye mawe makubwa ya ufukweni, Ghati akasema, "Hebu nioneshe hiyo futi. Yaani kweli inaanzia kumi? Mi nilikuwaga nadhani unanidanganyaga tu."

Hapo Tausi angeweza kuionesha na kuirudisha mfukoni, yakaisha. Lakini sifa, jamani! Alipanda juu ya jiwe, akachuchumaa kwenye ufa mwembamba kati ya majabali mawili. "Ngoja nikupimie kina cha ufa huu," alisema, akaanza kuishusha futi taratibu. Ishirini. Hamsini. Tisini. Kiganja kilikuwa na jasho. Futi ikamponyoka.

Ilisikika ikigonga jiwe mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha chubwi! Walilala kifudifudi wakachungulia. Palikuwa na giza, na chini kabisa maji ya ziwa yalikuwa yanaingia na kutoka. Walijaribu kijiti, wakajaribu waya, wakajaribu mkono wa Ghati mpaka begani. Futi ya Mzee Khalidi ilikuwa imekwenda.

Alipofika Buhare macho yake yalikuwa mekundu. Daktari Marcelina alimuuliza, "Futi iko wapi?"

"Nimeisahau, daktari," Tausi alisema, na huo ukawa uongo wa kwanza.

"Usijali. Shika hii." Daktari alimpa futi laini ya kitambaa. "Hii napimia ng'ombe. Unaizungusha kifuani mwake, unasoma namba, unajua uzito wake bila mzani."

Siku nyingine Tausi angeuliza maswali kumi juu ya maajabu hayo. Siku hiyo alipima tu. Bodi la gari, urefu, upana kati ya matuta, kina. Kisha deli, urefu na upana. Ukurasa ulijaa, akageuza, akaandika kimo cha deli juu ya ukurasa uliofuata: 38. Alikipima mara mbili kama baba alivyoagiza. Ndivyo pikapu ya daktari ilivyopimwa kwa futi ya ng'ombe.

Alipokuwa anarudi ndipo jambo lilipomshtua. Futi ya ng'ombe inaanzia sifuri! Baba akikaa na daftari atatoa kumi kwenye kila namba, kama siku zote. Tausi alisimama kando ya njia. Dawa ilikuwa rahisi: amwambie baba asitoe. Lakini baba angeuliza kwa nini, na hapo habari ya futi ingetoka. Akachukua penseli. Akafuta, akaongeza kumi kwenye kila namba, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akafunga daftari.

"Futi yangu?" baba aliuliza alipofika.

"Daktari ameomba abaki nayo, baba. Ataileta Ijumaa akija kuchukua kazi."

"Haya. Nitaazima ya Gody." Fundi Jabiri alifungua daftari, akatabasamu. "Mwandiko msafi. Umenisaidia sana, mwanangu." Na akaanza kutoa kumi.

Wiki ile ilikuwa ya maajabu, na Tausi hakuweza kuyafurahia. Jumatatu Gody alikata vyuma na kuunganisha fremu, cheche zikiruka mpaka barabarani. Jumanne Fundi Jabiri alimwaga mezani mfuko wa beringi kuukuu za pikipiki alizookota kwa mafundi wa gereji. Aliziosha kwa mafuta ya taa, akazikausha, akampa Tausi moja.

"Izungushe."

Tausi aliisukuma kwa ukucha. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, mpaka akasahau kupumua. Ndani yake vigololi vidogo vya chuma vilikuwa vinakimbizana bila kuchoka. Kitu kilichotupwa jalalani!

"Hivi ndivyo vitakavyombeba mtoto wetu," baba alisema. "Si nguvu, mwanangu. Ni kila kitu kukaa mahali pake."

Jumatano mbao zilikatwa, zikapigwa randa na kuunganishwa. Alhamisi alasiri, mtoto wa pikapu alikuwa amelala ndani ya fremu yake katikati ya karakana, na jukwaa la mbao limeshafungwa juu yake kwa skrubu. Fundi Jabiri na Gody walikuwa wamemjaza mifuko miwili ya mchanga.

"Tausi, njoo. Kidole kimoja."

Tausi aliingiza kidole cha shahada kwenye kishikio, akavuta. Alijiandaa kwa uzito, lakini uzito haukuja. Mzigo ambao watu wazima wawili waliuingiza wakiguna ulimfuata taratibu, kimya, kama ng'ombe mpole anavyofuata kamba. Akausukuma, ukarudi. Akauvuta tena, ukaja. Nywele zilimsisimka.

"Baba!" alisema. "Baba, unakuja!"

"Nilikwambia," alisema Fundi Jabiri, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka kama mtoto. Alipitisha kiganja chini ya jukwaa. "Na hapa deli la daktari litaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Lina ishirini na nane kwenda juu, nami nimeacha thelathini."

Ishirini na nane?

Tausi alichomoa kidole kwenye kishikio. Rula yake ya shule ilikuwa na thelathini. Deli lile lilimfika karibu na magoti! Alisogea kwenye meza ya kazi, akafungua daftari, akageuza ukurasa. Pale juu, peke yake, ilikuwepo 38. Namba zote alikuwa amezibadilisha, na hii aliisahau. Baba ametoa kumi mahali ambapo hapakuwa na kumi ya kutoa. Deli halitaingia. Daktari atakuja kesho saa kumi alasiri, na keshokutwa alfajiri ana safari.

Alitoka nje na kumkuta Ghati, ambaye alikuja kumwona huyo mtoto wa pikapu. Alimweleza kila kitu kwa kunong'ona.

"Sema daktari kabadilisha deli," Ghati alisema haraka. "Au nyamaza tu. Wakubwa wakikosea husameheana wenyewe. Nani atakumbuka daftari?"

Maneno yale yalikuwa matamu, tusidanganyane. Tausi aliyatafuna kwa muda. Lakini akamwona Daktari Marcelina kule Murangi, ameshika nyonga, anakwea bodi la gari na chupa za chanjo mikononi. Akamwona baba yake amesimama mbele ya deli lisiloingia, watu wakisema Fundi Jabiri siku hizi hajui hata kupima. Baba, ambaye katika mji mzima hakuna mlango wake uliowahi kugoma kufunga! Na kosa lingeandikwa kwa nani? Kwa mtu asiye na kosa.

"Ghati, nisubiri hapa," alisema. "Nikilia usiingie."

Aliingia ndani. Baba alikuwa anapaka mafuta beringi kwa unyoya wa kuku.

"Baba, deli lina thelathini na nane."

Unyoya ulisimama.

"Daftari linasema thelathini na nane, baba, na ni thelathini na nane kweli. Hapo hukupaswa kutoa kumi. Sikupima kwa futi yako. Futi yako niliiangusha kwenye mawe ya ufukweni nikijionesha kwa Ghati, ikaingia majini. Nilipima kwa futi ya ng'ombe ya daktari. Namba nyingine niliziongeza kumi ili usijue. Hiyo moja niliisahau. Daktari hana futi yako. Nilikudanganya."

Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akaanza kulia. Gody, aliyekuwa anakusanya vyombo vyake, akajifanya anatafuta kitu nje.

Fundi Jabiri hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikaa juu ya gogo la kukatia, akatazama mkono wake mtupu kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba, akampa Tausi.

"Mwambie daktari mwenyewe. Na umwombe apime deli tuwe na uhakika."

Daktari Marcelina alikuwa Bunda, katikati ya ng'ombe. Walisikika wakilia nyuma yake. Alimsikiliza Tausi mpaka mwisho. Baada ya muda mfupi akarudi kwenye simu.

"Nimepima. Thelathini na nane, kamili. Tausi?"

"Abee, daktari."

"Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea. Yako ilikuwa na sentimita kumi tu! Nimeumia kusikia umenisingizia futi. Lakini umesema leo, ningali na kesho. Ungesema Jumamosi, ningekuwa na nini? Mpe baba simu."

Walipomaliza kuzungumza, Fundi Jabiri alisimama, akalizunguka jukwaa kama siku ile alivyolizunguka gari. "Mbao ikikatwa fupi haivutiki ikawa ndefu," alisema, nusu peke yake. "Lakini chuma huungwa. Gody! Acha kujificha. Njoo."

Gody aliingia, akaelezwa. "Nguzo ziko sita," alisema, akikuna kidevu. "Nikate vipande sita, kila kimoja sentimita kumi, tuzipandishe. Jukwaa litabaki chini ya ukingo wa bodi." Akamtazama Fundi Jabiri kwa jicho la utani. "Kumi, Jabiri. Umesikia? Hizi kumi zinakufuataga tangu Bunda."

"Kata vyuma wewe," Fundi Jabiri alimjibu, lakini mdomo wake ulitikisika kidogo. Tausi hakuelewa.

Ijumaa alipotoka shule hakunusa mlangoni. Aliingia moja kwa moja, akapewa msasa. Nguzo zilikuwa zimeshapandishwa. Mbele ya mtoto wa pikapu, juu ya msonobari mweupe, baba yake alikuwa ameunga ukanda wa mninga mwekundu wenye upana wa sentimita kumi, ili uso wake uzibe pengo lote.

"Usiufiche kwa rangi," baba alisema. "Ulainishe tu."

Tausi aliusugua ukanda ule mpaka mikono ikawaka moto. Kadiri alivyosugua ndivyo mistari ya mti ilivyojitokeza, myembamba na mingi, imepindana kama mawimbi madogo ya ziwa. Miaka yote hiyo mti ulikuwa unaandika ndani yake, na hakuna aliyekuwa amesoma! Alisahau maumivu.

Saa kumi pikapu nyeupe ilirudi nyuma mpaka mlangoni. Wanaume wanne walipakia fremu, ikakaa katikati ya yale matuta mawili sawasawa. Gody na mwenzake wakaleta deli, limejaa barafu, wakihema. Tausi hakuthubutu kutazama. Alisikia tu mbao ikiguna, kisha kimya.

"Limeingia," alisema Fundi Jabiri.

Daktari Marcelina alisimama chini, nyuma ya gari lake. Alikunja vidole vyote akabakiza kimoja, akakiingiza kwenye kishikio kama mtu anayeogopa kuungua. Akavuta. Mtoto wa pikapu akatoka gizani kule karibu na kebini, bila kelele, na deli zima ndani yake, mpaka likasimama mbele ya kifua cha daktari.

Mwenye duka la jirani alikuwa ameacha wateja wake. Bibi mmoja aliyepita na ndoo ya dagaa aliitua chini.

"Mungu wangu," alisema daktari kwa sauti ndogo. Akasukuma, likarudi. Akavuta tena. Machozi yalimlengalenga. "Nyonga yangu, umesikia? Umestaafu leo!"

Watu wakaangua kicheko. Daktari aligusa ule ukanda mwekundu. "Na huu urembo?"

Fundi Jabiri alimtazama Tausi. Watu wote walikuwa wamesimama pale, na Ghati mbele yao.

"Si urembo, daktari," Tausi alisema. "Ni zile sentimita kumi nilizozificha."

Daktari Marcelina akamshika kichwani. "Basi kila kijiji nitakachofungua mtoto huyu nitakukumbuka. Na nitakukumbuka kwa wema."

Gari lilipoondoka na watu kutawanyika, baba na binti walibaki kwenye benchi la mbele. Maranda yalikuwa yamejaa miguuni mwao.

"Baba, nisamehe futi ya Mzee Khalidi."

"Hujawahi kuniuliza nani aliikata."

Tausi aligeuka.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, najifunza kazi kwake, kule Bunda," alisema Fundi Jabiri. "Futi ilikuwa mpya, ameinunua wiki ile. Nilikata mbao bila kutazama, msumeno ukapita juu ya futi. Nikazika kile kipande kwenye maranda. Kutwa nzima sikula. Jioni nikamwendea, nikamwambia, 'Mzee, ni mimi.' Alikaa kimya kama nilivyokaa mimi jana. Kisha akasema, 'Basi tutaanzia kumi.' Hakununua nyingine mpaka alipofariki, na futi hiyo akaniachia mimi, si wanawe. Alisema kila nitakapotoa kumi nikumbuke siku niliyoutoa ukweli."

Tausi alimtazama baba yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Mara ngapi alimwona akitoa kumi! Mara elfu. Na kumbe kila mara alikuwa anakumbuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwa na kumi yako bado." Fundi Jabiri alipangusa vumbi magotini. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea si ajabu. Fundi ambaye hajawahi kukosea ujue bado hajaanza kazi. Lakini kosa ukilifunika kwa uongo, uongo nao utataka kufunikwa. Uliongeza kumi, ukaongeza kumi, na bado moja ikakuponyoka. Mtoto wa meza asiyefunguka ni sanduku tu, hata angekuwa wa mninga. Kazi yake ni kufunguka akivutwa. Na mtu ni hivyo hivyo."

Alisimama, akaingia ndani. Alirudi na futi mpya, ganda lake la njano linang'aa, akaiweka kwenye kiganja cha Tausi.

"Kesho tuna kabati la kupima Buhare. Utapima wewe."

Tausi aliivuta taratibu. Ncha ilikuwepo, na namba zote zilikuwepo, moja, mbili, tatu. Zilionekana nyingi kupita kiasi.

"Baba, niwe naanzia kumi?"

"Anzia sifuri," alisema Fundi Jabiri. "Kumi yako umeshaitoa."